Nafsi ya Mtu katika Riwaya ya Mjini: Fundisho la Tarime na Serengeti

Limezuka dai miongoni mwa baadhi ya walimu na wahakiki wa fasihi kwamba mhusika aliyevunjika nafsi, asiyejua yeye ni nani, ni mgeni katika Kiswahili. Wanasema ameletwa na mtindo wa Ulaya uitwao usasaleo, akapangishiwa chumba mjini. Kijijini, kwa maoni yao, mtu ni yuleyule tangu kuzaliwa hadi kaburini. Wengine, wanaojiona wameendelea zaidi, humshangilia mhusika huyo na kusema kuwa kukosa nafsi ya kudumu ndio uhuru wenyewe. Sisi tunayapinga madai yote mawili, na ushahidi wetu tunauleta kutoka wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara.

Tuanze na dai la kwanza. Miongoni mwa Wakurya, mtu huzaliwa katika ukoo wake, na pia katika kizazi kilicho ama upande wa Chuma ama upande wa Saai, kwa kufuata kizazi cha baba yake. Kwa mpango huo hutokea mzee mwenye mvi akampa kijana heshima ipasayo baba. Tazameni pia nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe wa mahari, akaoa mwanamke mwenzake, na watoto wanaozaliwa huwa wa nyumba yake. Mbele ya wazee mama huyo ndiye mwenye boma. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu, hivyo mbele ya hakimu ndoa yake haipo.

Huko Serengeti nako, mwishoni mwa karne ya 19, njaa, maradhi na mashambulizi ya Wamasai yaliwatawanya watu wa Ikoma, Natta, Isenye na Ngoreme. Walijipanga upya kwa marika, na nchi ikachukua majina ya marika hayo: Busaai, Bongirate na Borumarancha. Waikoma wenyewe husimulia kwamba asili yao ni mwindaji aliyetoka Usonjo. Na mstari walioafikiana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 uliwapasua Wakurya hata leo ndugu wa Sirari ni Mtanzania na ndugu wa Isebania ni Mkenya. Je, huyu ndiye mtu wa kijijini asiyebadilika? La hasha!

Basi wingi wa nafsi haukuzaliwa mjini. Hata hivyo, katika mifano hii kila jina lina mashahidi, na kila jina lina deni. Aitwaye baba hudaiwa ubaba. Aliyetoa ng'ombe hudaiwa malezi. Aliyejiunga na rika hudaiwa ulinzi wa nchi. Hapo ndipo penye tofauti na riwaya tunazozijadili.

Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyezaliwa mwaka 1944, aliiona tofauti hiyo mapema. Katika Kichwamaji (1974), Kazimoto ni mtoto wa watu, ni msomi, ni mpenzi. Majina anayo ya kutosha. Alilokosa ni jina ambalo yuko tayari kuliitikia, na mwisho anajiua. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), mwandishi alikwenda mbali zaidi: msimulizi anatangatanga katika ulimwengu ambao wakati na mahali havishikiki. Katika Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wamitila, msafiri anazunguka dunia iliyoitwa kijiji kimoja, kijiji ambacho wanakijiji wake hawajuani. Vitabu hivi ni mashtaka. Anayevisoma kama sherehe ya uhuru amesikia kilio akadhani ni wimbo. Mtu asiyedaiwa na yeyote hana hata wa kumzika.

Lakini tusije tukatumbukia upande wa pili, tukadhani kila shahidi ni mwema. Kwa jina la kumfanya msichana awe mtu kamili, ukeketaji umeendelea katika wilaya hizi licha ya sheria ya mwaka 1998 inayoukataza kwa walio chini ya miaka 18. Msimu wa Desemba ukifika, wako wasichana waliokimbia usiku hadi kwenye nyumba za hifadhi, kama zile za Masanga na Mugumu. Msichana wa namna hiyo huambiwa kwao kwamba si mtoto tena. Alikofika ni mgeni. Wenzake walioingia jando wamempita. Huyu ndiye ndugu wa karibu wa msimulizi wa Nagona, naye hajawahi kulisikia neno usasaleo. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Yeye amekataa kisu, na anatafuta kwao patakapompokea akiwa mzima.

Sasa, siku atakaporudi darasani, mwalimu atamwambia nini? Akimwambia kuwa mtu wa kwetu ana nafsi moja isiyobadilika, mwalimu huyo amesimama upande wa ngariba. Akimwambia kuwa nafsi ni mchezo tu, amemwacha pale langoni alipomkuta. Historia ya nchi yake inamfundisha zaidi ya hayo: watu wa Serengeti walipovunjikiwa walijiita upya, na wanawake wa Tarime walipokosa nafasi waliipata kwa kutengeneza jina. Jina jipya halikuwa aibu, maadamu walikuwapo watu wa kulishuhudia.

Kwa hiyo walimu wasiwaulize wanafunzi kama riwaya fulani ni ya usasaleo au siyo. Wawaulize: mhusika huyu anadaiwa na nani, naye anamwitikia nani? Kisha wawatume nyumbani wakaulize swali hilohilo juu ya majina yao wenyewe. Fasihi ambayo haiwezi kujibiwa nyumbani kwa mwanafunzi haijawa mali ya taifa.