Sindano za Sikioni na Arosto

Mzazi aliyekesha na mtoto mwenye arosto, yale mateso ya mwili uliokatishiwa dawa za kulevya, hahitaji kuelezwa ni nini. Ameona jasho, amesikia meno yakigongana, amefua mashuka yenye matapishi. Mtu huyo akiambiwa kwamba sindano tano sikioni zitamaliza yote, atauza hata kiwanja. Kwa ajili yake nayapitia madai ya wauzaji wa akupancha, tiba hiyo ya sindano.

Wanaanza na umri: eti Wachina wamewatibu waraibu hivi kwa maelfu ya miaka. Akupancha yenyewe ni kongwe kweli, ila matumizi haya ni ya juzi. Mwaka 1972 huko Hong Kong, daktari wa upasuaji wa ubongo, H. L. Wen, alikuwa akituliza maumivu kwa sindano zenye umeme. Baadhi ya wagonjwa wake walikuwa watumiaji wa afyuni, nao wakamweleza kwamba arosto imepungua. Mbinu hiyo ikafika Hospitali ya Lincoln, Bronx, New York, ambako umeme uliachwa zikabaki sindano tano kwa kila sikio. Hata ramani ya sikio inayofuatwa imetokana kwa sehemu kubwa na daktari Mfaransa, Paul Nogier, katika miaka ya 1950.

Dai zito zaidi ni hili: "Watu wamepona tukiwaona." Nawaamini kwamba wameona. Lakini arosto ya heroini huanza saa chache baada ya dozi ya mwisho, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka yenyewe, na kwa wengi makali yake huisha ndani ya siku kumi hivi. Anayechomwa sindano siku ya tatu atajisikia nafuu siku ya sita, na asiyechomwa vilevile. Ndiyo maana lazima pawe na kundi la kulinganisha. Mwaka 2009 watafiti wa London walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 80 waliokuwa wakiachishwa afyuni kwa dawa ya methadoni. Wengine walichomwa sindano za sikio, wengine walibanwa vibanio tu bila kutobolewa. Arosto haikutofautiana. Kwa kokeini, utafiti mdogo wa mwaka 2000 uliwapa watu matumaini makubwa. Matokeo ya utafiti mkubwa zaidi, wa watu 620 katika miji kadhaa ya Marekani, yalipochapishwa mwaka 2002, sindano hazikushinda zile za uongo wala mazoezi ya kutulia.

Wanataja pia endofini, dawa ya maumivu inayotengenezwa na mwili wenyewe. Hapa wana nusu ya haki: majaribio ya miaka ya 1970 yalionyesha kwamba naloksoni, inayozuia kazi ya afyuni mwilini, ilipunguza nafuu ya maumivu iliyoletwa na sindano. Ila kutuliza maumivu ya jino kwa muda ni jambo moja. Kuutuliza ubongo uliozoea heroini kwa miaka ni jambo jingine kabisa.

"Basi haina madhara." Sindano ikiwa safi, mara chache humuumiza mtu. Madhara yako kwenye tiba inayoachwa. Mlevi sugu anayekatishwa pombe ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Arosto ya heroini kwa kawaida haiui, mradi mgonjwa asiishiwe maji. Hatari yake iko mbele. Baada ya wiki mbili bila unga, mwili umesahau ule uzoefu wake. Kijana akirudi kijiweni na kutumia kipimo kilekile cha zamani, pumzi inaweza kukatika. Familia iliyoahidiwa kwamba amepona haimwangalii tena.

Hapo ndipo methadoni inapofanya kazi ambayo sindano haijawahi kuonyesha kuiweza. Nasikia ikiitwa unga mwingine. Lakini kwa kawaida hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu wa afya, kwa kipimo kinachojulikana, huzuia arosto mchana na usiku, na hupunguza vifo vya wanaoitumia. Hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam inaitoa tangu 2011. Anayetaka sindano za sikioni ili apate usingizi, achomwe. Kikombe chake cha asubuhi asikiache.