Chupa ya mtoto na izungumze Kiswahili

Majuzi mpwa wangu alijifungua mtoto wa kike, na kwa kuwa alitarajiwa kurejea kazini mapema, nilitumwa dukani kununua chupa ya kumlishia mwanawe. Chupa ya kwanza niliyoishika ilikuwa na picha ya mtoto anayetabasamu na nambari 7 ndani ya pembetatu ya mishale. Ya pili ilijigamba kwa Kiingereza kwamba haina BPA. Nilipomuuliza mwenye duka maana ya herufi hizo tatu, alinijibu kwa upole, "Hiyo ni ya kisasa, mwalimu."

Simlaumu hata kidogo. Nimefundisha isimu kwa miaka mingi, na ninajua kwamba ishara isiyoeleweka na mlengwa wake si ishara tena, bali ni pambo.

BPA ni kifupi cha bisfenoli A, kemikali inayotumiwa kuundia plastiki ngumu, angavu kama kioo, iitwayo polikaboneti. Chupa ya aina hiyo ikitiwa maji moto, kemikali hiyo huvuja kidogo kidogo na kuingia katika maziwa. Mwilini huiga homoni ya kike, na mtoto mchanga, ambaye viungo vyake vingali vinakua, ndiye anayehofiwa zaidi. Ndiyo sababu Kanada iliharamisha chupa hizo mwaka wa 2010, Umoja wa Ulaya ukafuata 2011, nayo Marekani 2012. Isitoshe, mnamo 2023 wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walikishusha kiwango walichokiona salama kwa siku mara 20,000.

Nayo nambari 7 haimwambii mnunuzi mengi, kwa maana huwekwa kwenye plastiki za namna nyingi, polikaboneti ikiwa mojawapo.

Huenda msomaji akasema, basi tununue ile isiyo na BPA. Ni heri hiyo, lakini kukanusha si kuarifu. Anayekuambia kwamba sufuriani hamna wali hajakuambia mna nini. Viwanda vingine viliiondoa BPA vikaweka BPS, kemikali ya ukoo huo huo ambayo nayo imeonekana kuvuruga homoni. Zaidi ya hayo, mwaka wa 2020 watafiti wa Chuo cha Trinity, Dublin, waligundua kwamba chupa za polipropilini, ambazo hazina BPA, zaweza kutoa hadi chembe milioni 16 za plastiki katika kila lita zinapotiwa maji moto. Athari za chembe hizo kwa watoto zingali zinachunguzwa.

Je, mzazi afanye nini? Maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ndiyo bora, na mama anayekwenda kazini aweza kuyakamua, mtoto akanyweshwa kwa kikombe. Palipo na lazima ya chupa, sentensi moja ingetosha: "Koroga maziwa ya unga kwa maji moto katika chombo cha kioo au chuma kisichoshika kutu, yakishapoa, ndipo uyatie humu." Sentensi hiyo haijai hata kiganja cha mkono. Mbona haikuwapo kwenye chupa niliyoishika?

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa. Habari iliyofichwa ndani ya herufi tatu za kigeni haijatolewa. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa halina budi kudai maelezo hayo kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Nanyi walimu wenzangu, msingoje. Waambieni wanafunzi walete darasani chupa na mikebe ya maziwa ya wadogo zao, wayafasiri yaliyoandikwa humo, kisha wakawasomee mama zao nyumbani. Hilo ni zoezi la ufahamu lenye faida kuliko mengi tunayoyatahini.