Sekunde Kumi Ndani ya Barafu



Tafakari ya juma hili inatupeleka mahali tusipopazoea: ndani ya mchezo wa kompyuta. Najua wapo watakaotikisa kichwa na kuuliza, "Padre naye amepatwa na nini?" Nawaomba uvumilivu kidogo. Katika mchezo huo kuna kipaji kimoja kidogo chenye fundisho kubwa kuhusu namna tunavyojikinga na maumivu, na kuhusu wale wanaopigwa wakati sisi tumejikinga.

Mchezo wenyewe ni World of Warcraft, uliotolewa na kampuni ya Blizzard Entertainment ya Marekani tarehe 23 Novemba 2004. Huchezwa kwa intaneti na maelfu ya watu kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na mhusika wake katika ulimwengu wa kubuni. Mwezi Agosti 2019 kampuni hiyo iliurudisha mchezo kwa sura yake ya awali, na hiyo ndiyo sura ninayoizungumzia hapa.

Mmoja wa wahusika wake huitwa kwa Kiingereza "mage". Ni kawaida yetu kutafsiri haraka na kusema "mchawi", lakini katika masikio yetu mchawi ni mtu wa usiku, adui wa jirani yake. Neno hilo la Kiingereza lina mzizi mmoja na neno letu "Majusi", lile tunalolisikia kila mwaka katika sikukuu ya Tokeo la Bwana. Basi na tumwite majusi. Yeye hana ngao wala deraya. Huvaa kitambaa tu. Nguvu yake imo katika elimu yake, na udhaifu wake umo katika mwili wake. Adui akimfikia karibu, hadumu.

Majusi anapofika ngazi ya 10 huanza kupewa pointi za talanta, moja kwa kila ngazi, hadi ngazi ya mwisho ambayo ni ya 60. Jumla ni pointi 51. Mbele yake kuna njia tatu: ile ya elimu ya siri, ile ya moto na ile ya barafu. Pointi 51 hazitoshi kuzimaliza njia zote. Lazima achague, na kila anapochagua kimoja huacha kingine. Akijuta, anaweza kulipa dhahabu na kuanza upya, lakini kuwa na yote hawezi kamwe.

Hapa ndipo majusi wa barafu anapokutana na kipaji tunachokitafakari. Akiisha kuweka pointi 20 katika njia ya barafu, yaani si kabla ya ngazi ya 30, anaweza kutumia pointi moja tu kupata kinachoitwa Ice Block, nasi tukiite Pande la Barafu. Anapokitumia, mwili wake wote hufunikwa na barafu nzito kwa sekunde 10. Katika muda huo hakuna upanga wala uchawi wa adui unaomdhuru. Ila kuna sharti: naye hawezi kusogea, hawezi kupiga, hawezi kutamka neno lolote la nguvu. Kisha atangoja dakika 5 kabla ya kukitumia tena.

Hebu tulitazame sharti hilo kwa makini. Ukuta unaomzuia adui asiingie ndio huohuo unaomzuia majusi asitoke. Hakupewa kinga na uhuru kwa pamoja. Alinunua kimoja kwa kingine. Je, si ndivyo ilivyo katika maisha? Mtu aliyeumizwa na rafiki hujiapiza kutomwamini mtu tena. Kweli, hataumizwa tena na rafiki. Lakini hatakuwa na rafiki pia.

Wapo wanaosema kwamba kipaji hiki ni cha waoga. Mimi sikubaliani nao, na ninazo sababu tatu.

Kwanza, majusi aliyekufa hamsaidii mtu. Aliye dhaifu wa mwili ana haki ya kujihifadhi ili aweze kuendelea na kazi yake.

Pili, sekunde hizo 10 si lazima ziwe bure. Nguvu nyingine alizokwisha kuzitumia huendelea kurudi wakati yumo ndani. Majusi hodari hutumia muda huo kutazama uwanja: nani yuko wapi, nani amebaki na nguvu, mimi nitapita upande gani. Barafu inapoyeyuka, huenda ile nguvu yake ya kuigandisha miguu ya maadui ardhini iko tayari, naye hutoka akiwa na shauri jipya.

Tatu, na hili ni zito zaidi, wakati mwingine kuingia kwenye barafu ni kuwasaidia wenzake. Katika mapambano ya kikundi, mchezo huweka hesabu isiyoonekana ya nani amemchokoza adui zaidi ya wengine, na huyo ndiye anayeshambuliwa. Kwa kawaida shujaa mwenye ngao husimama mbele na kuyapokea mapigo. Majusi akipiga kwa pupa kupita kiasi, adui humwacha shujaa na kumgeukia yeye. Hapo Pande la Barafu humfanya adui amwache majusi kwa muda na kumrudia anayefuata katika hesabu. Kama anayefuata ni shujaa mwenye ngao, kosa limesahihishwa na wote wamepona.

Lakini kama anayefuata ni mponyaji? Huenda naye anavaa kitambaa tu, na mikono yake ina kazi ya kuwatibu wengine. Mapigo aliyoyaita majusi yatamwangukia yeye. Katika Molten Core, shimo la moto lililohitaji hadi watu 40 kuliingia pamoja, anguko la mponyaji mmoja laweza kuwa mwanzo wa anguko la wote. Majusi atakuwa amesimama salama ndani ya kioo chake cha baridi, akiwaona wenzake wakianguka mmoja baada ya mwingine. Kisha sekunde zitakwisha, naye atabaki peke yake mbele ya adui yuleyule. Maana barafu haiifuti hesabu ya adui; huiahirisha tu.

Ndugu msomaji, ninapolitafakari hili, fikira zangu haziko tena katika mchezo. Ziko katika nyumba zetu. Kuna baba ambaye, mambo yanapokuwa magumu, deni limeiva au mtoto amefukuzwa shule, huingia katika kimya. Hasemi na mkewe, hawatazami watoto. Hula na kulala. Mwenyewe husema, "Mimi sitaki ugomvi." Ni kweli, hagombani. Lakini mdai anapobisha hodi, nani anayemfungulia? Mtoto anapouliza, nani anayemjibu? Mapigo hayakukoma, yamehamia kwa anayefuata katika hesabu, na mara nyingi huyo ni mama, yule mponyaji wa nyumba. Wapo pia akina mama wanaoganda hivyo, na wapo vijana. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo huwaangukia wasiokuwa na ngao.

Hata waliobuni mchezo walionekana kuitambua hatari ya kuizoea barafu. Katika njia hiyohiyo kulikuwa na talanta nyingine iliyomwezesha majusi kuzirudisha papo hapo nguvu zake za baridi, hata akaweza kuingia katika pande la pili mara tu baada ya la kwanza. Katika matoleo ya baadaye, walipompa kila majusi Pande la Barafu bila kujali njia aliyoichagua, waliliwekea kizuizi: atokaye hubaki na ubaridi mwilini kwa sekunde 30, na katika muda huo hawezi kuingia tena. Naona busara kubwa katika kizuizi hicho. Aliyetoka mafichoni alazimike kwanza kuishi kidogo nje.

Neno "talanta" lenyewe linatukumbusha jambo. Zamani lilikuwa jina la uzani wa fedha nyingi sana. Maana ya kipaji ililijia kutoka katika mfano ulioandikwa katika Mathayo sura ya 25. Yule mtumishi wa tatu, aliyeizika talanta yake ardhini, hakuipoteza wala hakuiiba. Aliihifadhi salama kabisa. Kosa lake lilikuwa usalama huo, uliozaliwa na hofu na usiomfaa mtu yeyote.

Basi maoni yangu ni haya. Tusimhukumu mtu kwa kuingia ndani ya barafu. Kila mmoja wetu hufika siku ambayo hana njia nyingine, na kumvuta kwa nguvu aliyejificha ni ukatili. Ila tujiulize maswali mawili kabla barafu haijatufunika: nani atapigwa badala yangu, na nitafanya nini nikitoka? Asiye na jibu la swali la kwanza atawatoa wenzake sadaka bila kujua. Asiye na jibu la pili amejijengea kaburi.

Tena kuna jambo moja dogo la kututia moyo. Majusi hashurutishwi kuzimaliza sekunde zote 10. Akitaka, anaweza kuivunja barafu mapema kwa hiari yake, wakati wowote anapoona mwenzake amezidiwa. Hakuna mwingine kikundini awezaye kumfanyia hivyo; mlango hufunguliwa kwa ndani.

Wahenga walisema: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Walikuwa wakisema juu ya vijinga vya moto jikoni. Lakini hata kinga hii nyingine, ya kujilinda, huwa na maana pale tu tunapokingana.

Nawatakia juma jema. Kama kuna mlango mmoja uliougandisha, uanze nao huo.