Mkono Ushikao Kisu

Wako watu wasemao kuwa mwanamke hafai kuwa mpasuaji. Mimi niliwasikia darasani mwangu. Msichana mmoja aliulizwa angependa kazi gani baada ya masomo, akajibu kuwa angependa kupasua wagonjwa hospitalini. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa amesimama mlangoni alicheka pia, akamshauri awe muuguzi, kwani damu, alisema, huitaka roho ya kiume. Nakuuliza, msomaji: damu ya uzazi imesimamiwa na nani tangu zamani, kama si wakunga?

Husema pia kuwa kazi hii yataka nguvu. Lakini kupasua mtu si kupasua gogo. Mshipa hufungwa kwa uzi mwembamba, na avutaye kwa nguvu huukata.

Mwaka 1826, katika Cape Town, tabibu wa jeshi la Waingereza aitwaye James Barry alimpasua mama aliyeshindwa kujifungua, na mama na mtoto wakapona wote wawili. Siku zile jambo hilo lilikuwa nadra mno. Barry alipanda cheo hadi kuwa mkaguzi mkuu wa hospitali za jeshi. Alipokufa mwaka 1865, mwanamke aliyemwosha alisema kuwa mwili ule ulikuwa wa kike. Alizaliwa Ireland akiitwa Margaret Bulkley, na alivaa suruali ili aingie Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambacho hakikupokea wanawake. Kwa zaidi ya miaka 40 hakuna aliyelalamika kuwa mkono wake ulikuwa wa jinsi isiyofaa.

Kama mfano mmoja haukutoshi, yako mahesabu. Mwaka 2023 watafiti wa Ontario, nchini Kanada, walitangaza habari za wagonjwa zaidi ya milioni moja waliopasuliwa baina ya mwaka 2007 na 2019. Wale waliopasuliwa na wanawake walipatwa na madhara machache kidogo, siku 90 baadaye na hata mwaka mzima baadaye. Mwaka huo huo Sweden ilitoa habari za watu 150,000 waliotolewa kifuko cha nyongo: wanawake walikawia zaidi kazini, na wagonjwa wao walidhurika kidogo zaidi ya hapo? La, walidhurika kwa uchache. Sisemi kuwa wanaume ni wapasuaji wabaya. Tofauti ni ndogo, na labda chanzo chake ni mwendo wa kazi wala si maumbile. Nasema tu kuwa kicheko cha darasa langu hakina msingi.

Tena ipo dhuluma isiyoonekana upesi. Huko Ontario ada ya kila upasuaji ni moja kwa wote. Hata hivyo uchunguzi wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa mwanamke alipata asilimia 24 pungufu kwa kila saa ya kupasua. Hila iko wapi? Mgonjwa haendi mwenyewe kwa mpasuaji; hupelekwa na daktari mwingine, na madaktari wanaume huelekea kuwapeleka wagonjwa kwa wanaume wenzao. Wanawake huachiwa kazi zenye ada ndogo. Sheria ni sawa, mizani imepinda.

Kwetu kuna Chuo cha Wapasuaji cha Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, na wanawake humo bado ni wachache. Utaambiwa kuwa miaka ya mafunzo huangukia miaka ya kuzaa. Ni kweli. Lakini mtoto ana baba pia, na zamu za usiku zilipangwa na watu, nao waweza kuzipanga upya.

Mwenzangu wa mlangoni nilimwonyesha hesabu hizi. Alizisoma mara mbili, akasema atazifikiri. Msichana yule anaendelea na biolojia na kemia, nami nangoja jibu la mwenzangu.