Vifaru waliorudi na kasuku wanaoondoka

Juni 2019 ndege ya mizigo kutoka Jamhuri ya Czech ilitua Kigali ikiwa na vifaru weusi watano, majike watatu na madume wawili. Wote walizaliwa Ulaya, katika bustani za wanyama za Czech, Uingereza na Denmark. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kukanyaga udongo wa Afrika, ingawa mmoja aliitwa Jasiri na mwingine Olmoti, jina la kasoko iliyoko Ngorongoro. Kutoka uwanja wa ndege walipelekwa Hifadhi ya Taifa ya Akagera, inayopakana na Tanzania, ambako vifaru wa asili walikwisha kwa ujangili.

Miaka mitatu baadaye, wilayani Kisoro, Uganda, karibu na mpaka wa Bunagana, zaidi ya kasuku 100 wa kijivu walikamatwa wakitokea Kongo. Hao walikuwa katika safari ya upande wa pili: kutoka msituni kwenda kwenye kizimba cha mtu aliyeagiza.

Nazitaja safari hizi mbili pamoja kwa sababu mjadala kuhusu bustani za wanyama, unaoendelea kwa ukali Ulaya na Marekani, hutufikia sisi ukiwa nusu. Huko wanabishana juu ya kizimba chenyewe: kina ukubwa gani, simba anapata joto la kutosha, tembo anatembea kilomita ngapi kwa siku. Ni maswali ya haki. Lakini kwa mtu anayeishi Goma, Kasese, Ngara au Busia, swali linaanza mapema zaidi. Mnyama huyu aliingiaje humo ndani, na alipita mpaka gani?

Chukua sokwe. Mtoto wa sokwe hatekwi akiwa peke yake. Analelewa mgongoni na kifuani mwa mama yake kwa miaka, na mama hamwachi. Kwa hiyo mwindaji humuua mama kwanza, na mara nyingi wengine wa kundi wanaokuja kumtetea. Nyama inauzwa sokoni, mtoto anatiwa kwenye kiroba au boksi. Wengi hufa njiani kwa kiu, majeraha na homa. Yule mmoja anayefika hai kwenye kizimba cha tajiri, au cha hoteli inayotaka kuchangamsha wageni, amewaacha wenzake kadhaa nyuma wakiwa wamekufa. Mgeni anayepiga naye picha haoni hilo.

Kasuku naye hunaswa kwa ulimbo au kwa kukata mti wenye kiota, kisha hupakiwa kwa makumi kwenye tenga lililotengenezwa kwa ajili ya kuku wachache. Mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, ziliamua kumpandisha kasuku wa kijivu hadi daraja la juu la ulinzi. Tangu hapo, kumkamata porini na kumuuza nje ya nchi kibiashara kumefungwa. Hilo halikuua hamu ya wanunuzi. Lilipandisha bei na kuhamishia biashara usiku.

Wanyama wanaokamatwa mpakani wanapelekwa wapi? Wengi hawawezi kuachiwa siku hiyo hiyo, maana ni wagonjwa, au mbawa zimekatwa, au hawajui kujitafutia chakula. Hapo ndipo kizimba kinarudi, safari hii kikiwa hospitali. Entebbe kuna kituo kilichoanza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima, kikageuka bustani ya wanyama, na leo kinapokea wanaookolewa na kufundisha watoto wa shule. Lwiro, Kivu Kusini, karibu na Hifadhi ya Kahuzi-Biega, kituo kilichofunguliwa mwaka 2002 kinalea zaidi ya sokwe 100. Katika Ziwa Viktoria kuna kisiwa cha Ngamba, kilichopokea sokwe tangu 1998. Maji ndiyo uzio wao. Na Laikipia, Kenya, kuna makao ya Sweetwaters, ambayo wakazi wake wa kwanza walihamishwa kutoka Bujumbura vita vilipoanza Burundi mwaka 1993. Hao walipewa hifadhi ya ukimbizi Kenya kabla Burundi haijaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Ukitazama kwa macho tu, vituo hivi vinafanana na bustani ya wanyama. Kuna uzio, kuna saa ya kulisha, na katika vingine kuna tiketi. Tofauti ni kwamba havinunui mnyama. Kanuni hiyo huwakera watu wema. Mtu anaona mtoto wa sokwe amefungwa kamba kijijini, anaingiwa na huruma, anatoa fedha ili amwokoe, kisha anaambiwa amekosea. Inaumiza kusikia hivyo. Lakini mfanyabiashara anaelewa kuliko mtu yeyote kwa nini ni kosa: duka likimaliza mzigo kwa bei nzuri, mwenye duka anaagiza mwingine. Mwindaji hajali kama mnunuzi alikuwa na huruma au la. Mimi naona kanuni hiyo ni ngumu, na ni sahihi.

Kuna gharama pia ambayo hatuizungumzi sana. Sokwe akilelewa vizuri anaweza kuishi miaka 50. Hawezi kurudishwa msituni kirahisi, kwa kuwa amezoea watu, na msitu wenyewe una sokwe wenye eneo lao ambao wanaweza kumuua mgeni. Mtu aliyemuuza alipokea fedha mara moja. Matunda, mboga na dawa za kila siku hulipiwa na wengine kwa nusu karne.

Watetezi wa bustani za wanyama wana hoja yao nzito, na kwetu hoja hiyo ina jina: Sudan. Alikuwa kifaru mweupe wa kaskazini, aliyekamatwa akiwa mdogo mwaka 1975 katika eneo ambalo sasa ni Sudan Kusini, akapelekwa kwenye bustani ya Dvůr Králové, ile ile waliyoondokea vifaru wa Akagera. Wenzake waliobaki porini, Uganda, Sudan, Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo, walimalizwa na bunduki. Desemba 2009 Sudan na wenzake watatu walirudishwa Afrika, wakapelekwa Ol Pejeta, Kenya, kwa matumaini kwamba jua na nyasi za kwao zingewafanya wazae. Hawakuzaa. Suni alikufa 2014, Sudan akafa Machi 2018. Wamebaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu, wote wawili wazaliwa wa Czech. Wanasayansi wanajaribu kutumia mayai ya Fatu na mbegu zilizogandishwa za madume waliokufa kutengeneza viinitete, na kuvipandikiza kwa vifaru weupe wa kusini.

Kwa hiyo kizimba kiliwahifadhi? Ndiyo, kwa maana kwamba bila kizimba hicho leo pasingekuwa na hata hao wawili. Ila kuna sehemu ya hadithi ambayo watu wa Ulaya huipita haraka, nasi tumeisahau. Vifaru wa mwisho wa aina hiyo porini walikuwa Garamba, kaskazini mashariki mwa Kongo. Mwaka 2005 uliandaliwa mpango wa kuwahamishia watano Kenya kwa muda, mpaka usalama urudi. Kwanza ulikubaliwa. Kisha wanasiasa wakaupinga, kwa hoja kwamba mali ya taifa haiwezi kupelekwa kwa jirani. Majirani hawakuaminiana, na baada ya miaka michache hakuna kifaru aliyeonekana tena Garamba.

Naiweka hoja hii katikati ya uchambuzi kwa makusudi. Tulikataa kuwatunza kwa jirani, kisha tukawapokea wengine kutoka bustani iliyo maelfu ya kilomita mbali na kushukuru. Siwalaumu waliohofia kwamba wanyama wangeondoka na wasirudi, maana eneo hili limeporwa mengi. Lakini hofu hiyo ilikuwa na bei, na aliyeilipa ni kifaru.

Hofu yenyewe haikutoka hewani. Mwaka huo huo wa 2005 serikali ya Kenya ilitia saini makubaliano ya kuipa Thailand zaidi ya wanyama 100 kwa ajili ya bustani ya usiku ya Chiang Mai. Wananchi wanaoishi kando ya hifadhi, ambao ng'ombe wao huliwa na simba na mashamba yao kukanyagwa na tembo, waliuliza wao wanapata nini. Mahakama ikasimamisha mpango. Tanzania nayo haijasahau Novemba 2010, wanyama hai zaidi ya 100 wakiwemo twiga wanne walipopakiwa kwenye ndege katika Uwanja wa Kilimanjaro na kwenda Qatar. Twiga si kasuku wa kufichwa chini ya siti. Kumpandisha ndege kunahitaji lori, winchi na watu wengi wanaotazama pembeni.

Baada ya aibu ya namna hiyo, mwaka 2016 Tanzania ilifunga usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi. Uamuzi huo ulikata mirija ya wezi, na pia uliwakata wafanyabiashara waliokuwa na leseni, waliolipa ada, na waliobaki na wanyama mabandani wakiwalisha bila soko. Juni 2022 ilitangazwa kwamba wangeruhusiwa kumalizia wanyama waliobaki; ruhusa hiyo ikasitishwa ndani ya siku chache. Unaweza kuunga mkono katazo, kama ninavyoliunga mimi, na bado ukasema kwamba mtu aliyefuata sheria hatakiwi kuachwa hewani hivyo. Serikali inayobadilisha kauli baada ya siku moja inamfundisha mfanyabiashara kutoamini karatasi, na asiyeamini karatasi huenda kwenye njia za panya.

Hata bustani zenye sifa nzuri si malaika. Februari 2014 bustani ya Copenhagen ilimuua twiga mchanga mwenye afya, Marius, kwa sababu damu ya ukoo wake ilikuwa imeshawakilishwa vya kutosha katika mpango wa uzalishaji wa Ulaya, na ikampasua mbele ya watazamaji. Bustani nyingine zilijitolea kumchukua; ikakataa. Julai 2025 bustani ya Nuremberg, Ujerumani, iliua nyani 12 kwa kukosa nafasi. Wenye bustani walieleza sababu zao kwa utaratibu, na mahesabu yao huenda ni sawa. Lakini mtu aliyezaliwa kandokando ya Serengeti akisikia kwamba twiga amezidi idadi, ana haki ya kuuliza kwa nini alizalishwa kwanza. Ndiyo maana napima bustani kwa kuangalia pia kama ina njia ya kutokea. Ile iliyotuma vifaru Akagera imeonyesha kwamba njia hiyo inaweza kufunguliwa, japo ni ghali. Na Februari 2025 bongo 17 wa milimani, swala ambao porini Kenya hawafiki 100, walifika kutoka Florida, kizazi cha wanyama waliochukuliwa kwenye misitu yetu miaka mingi iliyopita. Sehemu kubwa ya wanyama walio vizimbani duniani hawatapata safari ya namna hiyo.

Sasa turudi barabarani, ambako wengi wa wasomaji wa ukurasa huu wanafanyia kazi.

Mei 2025 mahakama ya Nairobi iliwahukumu vijana wawili wa Ubelgiji, raia mmoja wa Vietnam na Mkenya mmoja faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au miezi 12 jela. Kosa lao lilikuwa sisimizi. Vijana wale wawili peke yao walikutwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000 ndani ya vichupa vyenye pamba, wakipelekwa kwa watu wa Ulaya na Asia wanaofuga makundi ya sisimizi ndani ya masanduku ya kioo, bustani ya wanyama ya sebuleni. Wengine walicheka. Mwenye kusafirisha mizigo asicheke sana, kwa sababu inamaanisha kwamba kifurushi kidogo kisicholia wala kunuka sasa kinaweza kukufikisha kizimbani.

Biashara ya mpakani inaendeshwa kwa kubebeana. Mama wa mitumba anambebea mwenzake boksi, dereva wa basi anapewa tenga na namba ya simu ya atakayelipokea, bodaboda anavusha kiroba bila kufungua. Bila imani hiyo soko la Mpondwe au Kasumbalesa lingesimama. Na ndiyo imani hiyo hiyo wasafirishaji wa wanyama wanaitumia. Mwenye mali hapandi basi. Anayekamatwa na tenga ni mbebaji, na adhabu inategemea umekamatiwa upande gani wa mpaka. Uganda, sheria ya wanyamapori ya 2019 inafika hadi kifungo cha maisha kwa viumbe walio hatarini. Kenya, sheria ya 2013 iliweka kwa makosa ya aina hiyo faini isiyopungua shilingi milioni 20 au maisha jela. Tunazungumzia soko la pamoja, lakini tenga moja likivuka daraja linabadilika kutoka kosa la faini na kuwa kosa la kuzeekea gerezani.

Wafanyabiashara wadogo wameshazoea cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, kinachotolewa pale pale mpakani. Wengine wanadhani mnyama naye anaingia humo, hasa ndege, kwa kuwa ndege wanafanana na kuku machoni pa ofisa aliyechoka. Haingii. Mnyamapori aliye chini ya ulinzi anahitaji kibali cha CITES kutoka mamlaka ya nchi anakotoka pamoja na cheti cha daktari wa mifugo, na kibali hicho hupatikana kabla ya safari kuanza. Mpakani hakitolewi. Anayekwambia utakipata huko ukifika, mrudishie tenga lake kabla basi halijaondoka.