Tahariri: Ushahidi Haufichwi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, katika uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 9, 2022, walioandikishwa walizidi milioni 22, lakini waliofika vituoni ni kiasi cha milioni 14 tu. Katika kaunti ya Mombasa haikufika hata nusu. Kura ya ugavana huko iliahirishwa hadi Agosti 29, na mpiga kura akatakiwa kupanga foleni mara ya pili.

Hesabu hiyo haimtaji yule ambaye hakuandikishwa kwa kukosa kitambulisho. Kwa miaka mingi vijana wetu wa Pwani na Kaskazini Mashariki walipigwa msasa mbele ya kamati, wakidaiwa hati za wazazi na hata za babu zao. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza huko Wajir kuufuta utaratibu huo. Tangazo ni jema, lakini Ibara ya 83 ya Katiba ya 2010 ilikwisha kuamuru kwamba taratibu za uandikishaji zimrahisishie raia kura yake, zisimnyime. Haki iliyoandikwa bado yahitaji wa kuidai.

Nani ataidai? Aliyefungiwa mlango hana kura. Ni wewe uliyeandikishwa. Kwa hiyo anayebaki nyumbani kwa hiari hapotezi kura yake pekee, bali humkosesha jirani yake msemaji.

Wapo ndugu zetu wanaoona kuwa kura ni jambo la dunia lisilotuhusu. Sisi twaona ni ushahidi: mtu hushuhudia kwamba fulani anafaa kukabidhiwa amana. Na Qur'ani Tukufu, Suratul Baqara aya ya 283, imekataza kuficha ushahidi na kueleza kuwa moyo wa mwenye kuuficha umeingia dhambini.

Twazishauri kamati za misikiti, kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, zitangaze baada ya swala ya Ijumaa siku za uandikishaji. Zihesabu vijana waliotimiza miaka 18 wasio na vitambulisho. Na ziteue mzee wa kufuatana nao katika ofisi ya usajili. Siku ya kura, wenye magari wawachukue wazee na wagonjwa. Wala msikiti usimtajie mtu wa kumchagua. Hilo aachiwe mja na Mola wake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutekeleza amana. Wabillahi tawfiq.