JASUSI MWENYE MARAFIKI WENGI: JE, ALIKUWA MSALITI?

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Katika mjadala wa Chama chetu cha Kiswahili muhula uliopita, methali hii ilitajwa mara nyingi hata nikaacha kuhesabu. Hoja ilikuwa fupi: "Jasusi ni msaliti." Waliounga mkono walimchukua Pham Xuan An wa Vietnam wakamsulubisha mbele yetu sote. Waliopinga nao wakambeba juu juu kama mchezaji aliyefunga bao dakika ya mwisho. Saa ilikwisha kabla sijapewa nafasi ya kusema. Kwa hivyo, wasomaji wapenzi, nawaomba mnisikilize hapa katika jarida letu.

Kwanza, kwa wale ambao hawakuwepo, huyu An ni nani? Alizaliwa mwaka 1927 huko Bien Hoa, karibu na mji wa Saigon. Wakati huo nchi yake ilikuwa koloni la Ufaransa. Alipokuwa kijana alijiunga na wapigania uhuru wa Viet Minh, na mwaka 1953 akaingizwa katika chama cha Kikomunisti. Mwaka uliofuata Wafaransa walishindwa vitani huko Dien Bien Phu, nchi ikagawanywa vipande viwili, Kaskazini na Kusini, na Marekani ikaja kuisaidia Kusini. Wakubwa wa chama wakaona vita vipya vinanukia. Wakamwambia An aende akasomee uandishi wa habari huko huko Marekani! Mwaka 1957 akaingia chuo cha Orange Coast, California, na mwaka 1959 akarudi nyumbani.

Baada ya hapo alifanya kazi katika shirika la habari la Reuters, kisha katika jarida mashuhuri la Time. Mchana alikuwa akiketi mkahawani Givral mjini Saigon, akipiga gumzo na makanali, mawaziri na waandishi wa kizungu. Kila mtu alimpenda. Usiku, eti huyo huyo, alikuwa akiandika ripoti kwa wino usioonekana, uliotengenezwa kwa wanga wa mchele. Picha alizopiga zilifichwa hata ndani ya chakula kilichokunjwa kama sambusa. Mama mmoja aitwaye Nguyen Thi Ba, aliyejifanya mchuuzi, ndiye aliyepokea vitu hivi na kuvipitisha hadi kwenye mahandaki ya Cu Chi, na kutoka huko habari zikasafiri mpaka Hanoi.

Wala hakuwa pekee. Kulikuwa na msomi aitwaye Nguyen Dinh Ngoc, aliyesomea hisabati Ufaransa hadi akapata shahada ya udaktari. Mwaka 1966 alirudi Saigon akawa anafundisha chuo kikuu, na kumbe naye alikuwa kachero wa upande wa Kaskazini. Vita vilipokwisha akawa jenerali. Hebu fikirieni, jamani, mwalimu wenu wa hisabati anafuta ubao, anabeba vitabu vyake, kisha mnasikia kwamba ni jenerali!

Sasa nije kwenye maoni yangu. Je, An alikuwa msaliti? Mimi nasema la hasha. Msaliti ni mtu anayekula kiapo kwa wenzake kisha akawauza. Tutazame miaka. An aliapa mwaka 1953. Reuters walimwajiri mwaka 1960. Hakuwahi kuwa wa Marekani kisha akahama. Alikuwa wa upande wake tangu mwanzo, na nchi aliyokuwa akiipigania ilikuwa ni yake. Tukisema huyu ni msaliti, basi neno hilo litakuwa halina maana tena.

Kuna waliosema kwamba ni msaliti kwa sababu alidanganya wasomaji wa Time. Hili pia sikubaliani nalo. Waandishi wengi waliofanya kazi pamoja naye walisema baada ya vita kwamba hakuwahi kuwapenyezea habari za uongo. Na ukifikiri vizuri, kwa nini afanye hivyo? Angekamatwa na uongo mmoja tu, sifa yake ingekwisha na milango yote ingefungwa. Huko Hanoi nako walitaka habari za kweli, si porojo. Mwaka 1963, vita vya Ap Bac vilipopiganwa, ripoti zake kuhusu jinsi helikopta za Wamarekani zinavyotumiwa ziliwasaidia wapiganaji, na akapewa nishani. Silaha yake ilikuwa kujua mambo na kuyaeleza sawasawa. Hapo sisi wanafunzi tuna la kujifunza.

Lakini ndugu zangu mliompigia makofi, msishangilie upesi. Kutokuwa msaliti si sawa na kutokuwa na deni. Na deni la mtu huyu lilikuwa kubwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1968, wakati wa mwaka mpya wa Kivietnam uitwao Tet, wapiganaji walivamia Saigon na miji mingine mingi kwa ghafla. Kabla ya hapo, An alikuwa amemzungusha mkuu wake wa ujasusi, Tu Cang, mjini kwa gari lake dogo aina ya Renault, wakichagua mahali pa kushambulia. Katika mashambulizi hayo watu wengi walikufa, na si wanajeshi peke yao. Vita vyote kwa jumla viliua Wamarekani zaidi ya 58,000 na Wavietnam zaidi ya milioni moja. Sisemi kwamba An ndiye aliyewaua. Nasema habari alizotuma zilikuwa na uzito wa risasi, na yeye mwenyewe alilijua hilo alipokuwa akinywa kahawa na watu ambao huenda kesho wangeuawa kwa sababu yake.

Kuna deni lingine ambalo katika mjadala wetu halikutajwa hata kidogo. Mwandishi Thomas Bass ameeleza kwamba matarishi waliokuwa wakibeba habari za An walikuwa 45, na kati yao 27 walikamatwa na kuuawa. Ishirini na saba! Darasa letu lina wanafunzi zaidi ya arobaini. Toa 27, uone madawati yanayobaki yana watu wangapi. An hakukamatwa hata siku moja. Alipewa nishani, mwaka 1976 akatangazwa Shujaa, na mwaka 1990 akapandishwa cheo kuwa jenerali. Vitabu vimeandikwa juu yake. Wale 27, ni nani kati yetu anayeweza kutaja jina la hata mmoja? Tunapenda kumsifu mwenye kalamu na kumsahau aliyebeba barua.

Je, An aliliona deni lake? Naamini aliliona. Mwezi wa Agosti 1970, mwandishi mwenzake wa Time, Robert Sam Anson, alitekwa huko Cambodia. Mke wa Anson akamwendea An akilia. An akatuma ujumbe kwa siri kwa watu wake, na baada ya wiki kadhaa Anson akaachiliwa akiwa hai. Tena tarehe 29 Aprili 1975, Saigon ilipokuwa inaanguka, alimsaidia rafiki yake Tran Kim Tuyen kutoroka, akampeleka hadi kwenye jengo ambako helikopta ilikuwa ikichukua watu juu ya paa. Tuyen huyu aliwahi kuwa mkuu wa makachero wa serikali ya Kusini! Kwani adui huokolewa? Wakubwa wa An wangemwuliza swali hilo, na kwa kweli baadaye walimtilia shaka.

Maana vita vilipokwisha mambo hayakuwa matamu. Mke na watoto wake wanne walikuwa wamepelekwa Marekani, na kama mwaka mzima ukapita kabla hawajarudi. Yeye mwenyewe alipelekwa Hanoi kwa miezi kadhaa afundishwe siasa, kwa kuwa alionekana amezoea mno mambo ya Wamarekani. Fikiria, mtu ameficha siri kwa zaidi ya miaka 20 kwa ajili ya chama, kisha chama chenyewe kinamwangalia kwa jicho la pembeni. Alifariki mwaka 2006 katika mji huo huo wa Saigon, ambao sasa unaitwa Ho Chi Minh.

Kwa hivyo wenzangu, nasema hivi. Wale wa "msaliti" wamekosea, kwa sababu hawakuuliza mtu huyu aliapa kwa nani na lini. Wale wa "shujaa" wamesema nusu ya habari, kwa sababu hawakuuliza ni nani aliyelipa. Siku hizi sisi vijana tunapenda sana sinema za majasusi, magari yanapaa na mwenye bunduki hapati hata mkwaruzo. Maisha ya An yanaonyesha jambo jingine. Mtu anaweza kuwa upande wa haki, akafanya kazi yake vizuri, na bado akabaki na deni kwa marafiki aliowaficha ukweli na kwa wadogo waliokufa wakimtumikia. Tunapotoa sifa, tuanze na hao wadogo.

Mwenye maoni tofauti na achukue kalamu. Mhariri ana nafasi katika toleo lijalo.